Bahari Haikuhudhuria Mkutano

Familia za Machakos haziendi pwani hivi hivi. Kwanza huundwa kamati. Yetu iliundwa siku ya Pasaka, sahani zikiwa bado mezani, ikapata mwenyekiti, mweka hazina, na shemeji mmoja asiye na cheo lakini ambaye bila yeye hakuna linalopita. Ajenda ilikuwa moja: likizo ya shule, ukoo mzima, mji mtulivu wa pwani usio na makelele ya Mombasa. Mama watoto akataja Watamu. Alikuwa ameona picha kwenye simu: mchanga mweupe, maji ya samawati, na wazungu wawili tu.

Mzee mmoja wa upande wa Kituluni akapinga papo hapo. Utulivu wa kulipia ni utulivu gani, akauliza, na Kituluni upo wa bure? Tena kule kwao kuna Kyamwilu, pale kilimani ambapo ukimwaga maji barabarani huonekana yakipanda badala ya kuteremka, na gari lililozimwa injini hujikokota kwenda juu. Watu hutoka Nairobi kuja kushangaa. "Sisi tuna maji yanayopanda mlima," akasema, "nanyi mnataka kutoa pesa mkaone maji yaliyolala." Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuja kugundua baadaye kwamba hata hayo ya Watamu hayalali.

Ukafuata ubishi wa tarehe, na hapo ndipo nilipoona jinsi kalenda ya shule na kalenda ya pwani zisivyosalimiana. Aprili shule zimefungwa, bei za nyumba zimeshuka, na kila mtu akafurahi mpaka shemeji alipouliza zimeshushwa na nini. Zimeshushwa na masika. Mvua za pwani huchacha Aprili na Mei, na hoteli kadhaa hufunga milango wakati huo zikapaka rangi. Desemba kuna kaskazi, bahari imetulia, jua la kutosha, na bei ambazo mweka hazina alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia. Ikabaki Agosti. Agosti kunavuma kusi, bahari ina mawimbi, lakini hakuna joto la kuchemsha ubongo, na kuna nyangumi wanaopita mbele ya Watamu kati ya Julai na Septemba. Watoto wakapiga kura ya nyangumi. Agosti ikapita.

Usafiri ulitugharimu vikao zaidi. Wazee wetu wana kinyongo na reli. Machakos ilikuwa makao ya serikali ya Waingereza huku bara kabla Nairobi haijawa chochote, kisha reli ikatupita kando, na 1899 wakubwa wakahamisha ofisi zao kwenda Nairobi, palipokuwa na kinamasi. Ilipokuja reli mpya ya SGR mwaka 2017, ikapita Athi River. Mjini kwetu haikufika tena. "Imetukwepa mara mbili," alisema mwenyekiti, "na bado mnataka niipande?" Shemeji akaleta hesabu: nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Usiku huo huo ukoo wetu ukajaa watoto wa miaka kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa na sharubu.

Halafu ikaonekana kwamba treni ingetushusha Miritini, na kutoka hapo hadi Watamu kungali na safari ya kupita Mtwapa, Kilifi na Gede, tukiwa na mizigo na vikongwe. Likatolewa wazo la kukodi matatu tangu mlangoni hadi mlangoni. Ubaya wa matatu ni kwamba inabeba abiria 14. Zamani ingebeba 22 na mbuzi, lakini sheria za marehemu waziri John Michuki za mwaka 2004 zilimaliza mambo hayo kwa mikanda na vidhibiti mwendo. Kwa hiyo Michuki ndiye aliyetuchujia orodha. Binamu wawili waliondolewa kwa kigezo cha kutochanga, na mmoja akaondoka mwenyewe kwa hasira, akarudi alipoambiwa kuna samaki wa kupaka.

Kuhusu michango sitasema mengi, maana kila msomaji ana kikundi chake cha WhatsApp. Kwetu mchango uliitishwa, watu kumi wakajibu "Amina," wawili wakaweka alama ya kidole gumba, na mmoja akatuma picha ya maua yenye maneno ya Jumatatu njema. Fedha haikuingia. Mzee wa Kituluni alituma ujumbe wa sauti akitukumbusha kwamba Wakamba wa karne ya 19 walitembea kwa miguu hadi Rabai na Mombasa wakiwa na pembe za ndovu, na kwamba Chifu Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849 hadi akauona Mlima Kenya kwa mbali, alifika pwani miaka nenda miaka rudi bila kulipia nyumba yoyote malipo ya awali. Hoja ilikuwa nzito. Lakini Kivoi hakusafiri na mama mkwe.

Mimi nilisafiri naye. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwetu Ukambani mume na mama mkwe wana heshima yao. Wazee husimulia kwamba zamani wawili hawa wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi tunasalimiana, tunakula harusini pamoja, lakini bado mtu hapiti mbele ya mama mkwe akiwa na taulo. Sasa chukua heshima hiyo uipeleke kwenye nyumba yenye choo kimoja, katika mji ambao kazi yake ni kuvua nguo.

Nyumba ilitafutwa na shemeji. Kwenye picha ilikuwa na paa la makuti, bwawa la kuogelea, na maelezo kwamba "bahari inaonekana." Tulifika tukakuta makuti ni ya kweli. Bwawa lilikuwa la jirani, limepigwa picha kutoka ukutani kwetu kwa ufundi mkubwa. Na bahari ilionekana kweli, ukipanda ngazi hadi kwenye tangi la maji, ukasimama kwa vidole, ukaegemea upande wa kaskazini. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alisema hakuandika kwamba inaonekana kutoka wapi.

Nimeruka safari yenyewe, na haina mengi. Tulijazana usiku, tukakamata barabara kuu pale Kyumbi, tukapambazukiwa njiani nyuma ya malori. Mtito Andei kila gari husimama na kila mtu hununua chai, isipokuwa sisi. Mama mkwe alikuwa na chupa yake ya chai, viazi vitamu vya kuchemsha, na gunia la mahindi ya muthokoi alilokataa liwekwe juu ya gari kwa sababu pwani, alisema, watu wanakula wali tu na watoto wataharibika matumbo. Kulikuwa pia na sufuria ya kupikia watu wa mazishi. Ilikalia kiti chake. Ndiyo maana yule binamu mwenye hasira alisafiri amesimama nusu, akiinama kila tulipoona polisi. Pale Kilifi mzee wetu mmoja alitusimulia feri waliyokuwa wakivukia kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, akasikitika kwamba siku hizi watu wanavuka bila hata kuogopa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa na mpango. Mpango wangu ulikuwa na heshima ndani yake. Nilisikia mama mkwe akiwaambia watoto kwamba atateremka ufukweni saa nne, akishamaliza kuchagua muthokoi. Nikapiga hesabu: nitoke saa tatu na nusu, nivae kaptula yangu ya kuogelea, niingie majini mpaka shingoni, na akifika anione kichwa tu. Kichwa cha mkwe hakina aibu. Tungepungiana mikono, kila mtu na heshima yake, na bahari ikiwa kama pazia kati yetu.

Nikafika ufukweni. Hapakuwa na bahari.

Palikuwa na mchanga, halafu mchanga mwingine, halafu mawe ya matumbawe yenye madimbwi, na vile visiwa vidogo vya mwamba ambavyo kwenye picha vilikuwa vimezungukwa na maji, sasa vimesimama pakavu, miguu yao imeliwa na mawimbi, watu wakivizunguka kwa ndala. Maji yenyewe yalikuwa mstari mweupe huko nje kwenye mwamba. Nikaona labda nikienda haraka nitayakuta. Nikatembea. Mchanga wa bahari iliyopwa una vifereji vidogo vidogo vinavyokwaruza nyayo, na kila dimbwi lina mambo yake: kaa anakimbia upande, jongoo wa pwani amelala kama soseji iliyosahauliwa, kiti cha pweza chekundu kimejibana chini ya jiwe. Watoto walikuwa wameshafika wakivipigia kelele. Mimi sikuwa na muda wa elimu viumbe. Nilikuwa katikati ya uwanja mpana kuliko uwanja wa Kenyatta kule nyumbani, ndani ya kaptula fupi ya rangi ya machungwa niliyonunuliwa na mama watoto, pasipo mti, pasipo kichaka, wakati mama mkwe alipotokea kwenye njia ya minazi na mwavuli wake.

Alisimama. Nami nikasimama. Kichaka cha wazee kiko wapi mtu akikihitaji?

Akageuka taratibu, akaangalia minazi. Mimi nikageuka nikaangalia Bara Hindi. Tukakaa hivyo kwa muda ambao sijui, hadi mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na pweza kwenye kijiti akanipitia. "Bwana, unangoja nini hapa?" Nikamwambia nangoja maji. Akacheka mpaka pweza akatikisika. "Leo bamvua. Maji hayo yatarudi alasiri. Ulikuwa uje wiki ijayo."

Mvuvi huyo, bila kikao wala mwenyekiti, akanieleza yale ambayo kamati nzima haikuwahi kuyagusa. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ndizo siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na upande huu wa pwani yanakuwa yamekauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanajaa tele kwenye saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji sana, na hapo asubuhi ndiyo ya kuogelea. Yote hayo yanaandikwa katika majedwali mwaka mzima kabla. Sisi tulikuwa tumejadili bei ya vitunguu Kilifi kwa jioni nzima, na mwezi hakuna aliyeutaja.

Kuanzia siku hiyo nilioga alasiri, na mama mkwe akaoga miguu asubuhi. Bahari ikatugawia zamu vizuri kuliko kamati.

Ukweli ni kwamba mama mkwe ndiye aliyefaidi zaidi. Tumbili walipovamia jikoni, sisi tulipiga mayowe, yeye akatabasamu kama aliyeletewa barua kutoka nyumbani; amewinga nyani shambani tangu utotoni. Aliokota kokoto, akalenga, na hawakurudi upande wetu tena. Walihamia kwa jirani mwenye bwawa. Vijana wa ufukweni, ambao wamezoea Wataliano, walimsalimia "Ciao, mama," naye akawajibu kwa Kikamba, na mmoja aliyekuwa ametandaza vinyago vya twiga na vifaru akaruka juu: "Uvoo waku, mwaitu!" Kumbe ni mtoto wa Wamunyu. Wachongaji wa Wamunyu wameisambaza kazi yao pwani nzima tangu zamani, kwa hiyo sikupaswa kushangaa, ila nilishangaa bei. Tulinunua twiga aliyechongwa na mtu wa kaunti yetu, tukamsafirisha kumrudisha kaunti yetu, kwa bei ya mgeni iliyopunguzwa kwa sababu ya undugu.

Siku ya mawingu tulikwenda Gede. Huo mji wa mawe ulihamwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mama mkwe alitembea taratibu kati ya kuta na mibuyu, akisikiliza maelezo, akionyeshwa visima, ua, na vyoo vya ndani ya nyumba vilivyojengwa mamia ya miaka iliyopita. Akahesabu vyoo. Kisha akasema, si kwangu, bali kwa hewa iliyo karibu nami, kwamba watu hawa wa kale walijua kupanga.

Kwa hiyo tunatafuta nyumba ya Desemba. Kamati imeshakubali kwamba Desemba ni ghali na tutalia, lakini kaskazi ni kaskazi. Mwenye nyumba Watamu, au hata Gazi au Shela, atuandikie mapema. Tunataka vyoo viwili visivyopakana, ukuta wa kuzuia tumbili, na jiko linaloingia sufuria kubwa. Picha ya bwawa si lazima. Atutajie tu tarehe za maji mafu, na mweka hazina atamtumia malipo ya awali. Amesema atatuma jioni.