Yah: Maombi ya Litungu la Kigera Kutambuliwa Kuwa Endelevu

Kwa Baraza la Sanaa la Taifa, Dar es Salaam.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Litungu la Kigera, ala ya nyuzi ya mkoani Mara, linalisalimu Baraza na kuomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Tangu Baraza liundwe kwa Sheria Na. 23 ya 1984, litungu limekuwa kazini likipokea viongozi. Mgeni akishuka kwenye gari, linapigwa. Akianza hotuba, linanyamazishwa. Akimaliza, wapigaji wanapewa soda na fulana yenye picha yake. Fulana sasa zinatosha hadi kijukuu.

Litungu lina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni za mshipi wa kuvulia, kwa hiyo msanii na mvuvi wananunua duka moja. Ila mvuvi anajua kilo ya sangara ni shilingi ngapi.

Jirani hapo Butiama alizaliwa mtu aliyeliona jambo hili mapema. Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi wamejifunza rumba na chachacha huku hawaijui ngoma ya gombe sugu. Tangu hapo utamaduni umepangishwa wizara moja na elimu, vijana, habari au michezo, na katika kila nyumba ndio unaolala sebuleni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata sanaa za jadi. Anayetaka kuzifanyia biashara nje ya muktadha wa mila aombe kibali kwa Baraza. Litungu lilifurahi kusikia kwamba lina mlinzi. Linauliza tu: mtayarishaji akija na simu, akalirekodi, akatia midundo na kupakia YouTube, ada ya kibali hushukia kituo gani kabla ya Kigera?

Soko la muziki wa jadi lipo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha, na litungu linashukuru. Likiulizwa dhamana, litaonyesha ngozi iliyowambwa. Haina hati, lakini ina sauti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Litungu.

Nakala: Duka la nyavu, Musoma (kuhusu deni la nyuzi mbili).