Kishikwambi Kilichovishwa Kibodi

Kishikwambi chenye kava la kibodi ni vitu viwili vinavyouzwa kama kimoja: kioo chenye akili zote, na kava lenye herufi zote, vikishikana kwa sumaku. Nyuma ya kioo kuna kiegemeo. Muuzaji wa mjini Moshi hukisimamisha juu ya kaunta iliyonyooka, isiyotikisika, isiyo na mtoto wala kuku karibu, kisha humwambia mteja, "Hii ni laptopu kabisa, bosi, tena nyepesi." Mteja hulipa, hupanda daladala ya kurudi mtaani kwake Soweto, na mafunzo huanzia humo garini.

Historia ya chombo hiki si ndefu. Tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs aliitambulisha iPad akiwa ameketi kwenye kochi jukwaani, akiperuzi kwa kidole. Kochi lile lilitosha kueleza kazi ya iPad ni ipi, lakini siku hiyo hiyo ikatangazwa na kibodi ya kuichomekea. Oktoba 2012 Microsoft ikaleta Surface, yenye kiegemeo mgongoni na kava la kibodi lenye unene wa milimita 3. Mwaka 2020 mambo yakafika yalikokuwa yanaelekea: iPad Pro ya inchi 12.9 ikivishwa kibodi yake mpya ilikuwa na uzito wa takriban gramu 1,350, wakati MacBook Air, laptopu ya kampuni hiyo hiyo, ilikuwa na gramu 1,290. Aliyekimbia uzito wa laptopu akawa amebeba laptopu na nyongeza ya gramu 60.

Watanzania wengi walikizoea kishikwambi kupitia Serikali. Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, karani akibofya majibu mlangoni mwa watu, na nchi ikaonekana ina watu 61,741,120. Baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Ikumbukwe kwamba karani wa sensa hakuhitaji kibodi. Dodoso lake lilikuwa hasa la kuchagua na kugusa. Mwalimu ndiye mwenye andalio la somo, azimio la kazi na taarifa ya mkuu wa shule inayotakiwa leo kabla ya saa nane, na ndiye hujikuta dukani akiulizia kava.

Tatizo la kwanza ni mapaja. Laptopu huweka betri na viungo vyake vizito chini, kwenye kibodi, kioo kikabaki chepesi. Kishikwambi ni kinyume chake: kila kizito kiko nyuma ya kioo, na chini kuna kava jembamba lisiloweza kukizuia. Ukianzia kiegemeo kinapokanyaga hadi ukingo wa kibodi, chombo kinakula karibu nafasi yote ya mapajani. Mtumiaji aliyekaa kwenye kiti cha plastiki barazani hulazimika kubana magoti, kuinua visigino na kuandika huku akijihadhari kama mtu anayevuka mfereji kwa ubao mmoja. Akipiga chafya, kioo hulala chali.

Akihamia sebuleni hali haiwi nafuu. Stuli ya sebule ya Soweto haikai uchi; ina kitambaa cha kufuma, mara nyingi cheupe, chenye maua ya uzi pembeni, na kimetandazwa hapo kwa heshima. Kiegemeo kikikanyaga kitambaa hicho, kitambaa huanza safari. Huteleza taratibu, sentimita kwa sentimita, kila herufi inapobonyezwa, mpaka kiegemeo kinafika ukingoni na kishikwambi kinalalia chupa ya chai. Dawa inajulikana: kuondoa kitambaa. Lakini kitambaa hicho ni cha mama mwenye nyumba, na hakuna programu wala fundi anayeweza kumshawishi.

Sumaku nayo ina mambo yake. Udongo wa Moshi umetokana na miamba ya volkano ya Mlima Kilimanjaro, na mchanga wa miamba hiyo una chembechembe nyeusi zenye chuma. Kava likiachwa chini barazani, au likidondoka kwenye njia ya vumbi ya mtaani, ukingo wake wenye sumaku huinuka umeota ndevu fupi nyeusi. Ukizifuta kwa kitambaa, zinahama tu upande. Zikibaki kwenye vile vidoa vya metali vinavyounganisha kibodi na kioo, kibodi hugoma, kisha hukubali, kisha hugoma tena katikati ya neno. Mafundi simu hutumia utepe wa gundi: hubandika, huvuta, na chembe hutoka nayo. Njia hii hufanya kazi vizuri mpaka mtu anapoliweka kava barazani tena.

Upande wa herufi una vituko vyake, hasa kwa makava ya mtumba. Kava lililoanzia maisha Ujerumani lina Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z, huku kishikwambi kikiamini kuwa kibodi ni ya Kiingereza. Anayeandika kwa kufuata alama za vibonye huandika "yeye" akapata "zeze", na barua ya kumwombea mtu kazi ikasomeka kama ya kumwombea ala ya muziki. "Mzee" naye huwa "Myee". La Ufaransa ni balaa zaidi: neno "mama" hutokea ";q;q". Mipangilio ya kibodi inaweza kubadilishwa ndani ya dakika moja, ila wengi huchagua kubandika vipande vya karatasi juu ya vibonye. Kisha huja kisahihishi cha tahajia, ambacho kisipoelezwa kuwa lugha ni Kiswahili hugeuza kila "hata" kuwa kofia za Kiingereza. Barua ya kikao cha ukoo yenye kofia nne haijibiwi haraka.

Yako pia makava ya kibodi isiyo na waya, na hayo yana hatari ya pekee: huendelea kuandika hata yakiwa ndani ya begi. Imewahi kumpata mjumbe wa kamati ya harusi, aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp ahadi yake ya shilingi 50,000, akaahirisha kuituma ili aitafakari, akafunga kava vibaya na kupanda bodaboda. Barabara ilikuwa na matuta. Tuta moja liliongeza sifuri, jingine likabonyeza kibonye cha kutuma. Alipofika nyumbani, mweka hazina alikuwa ameshamshukuru na wajumbe wengine wamemwombea baraka. Programu inaruhusu kufuta ujumbe. Kamati hairuhusu.

Steshenari, mtu anapokwenda kuchapisha barua, ndiko chombo kinakotoa siri zake zote. Mwenye duka anataka flashi; kishikwambi kina tundu moja, na tundu hilo lina chaji. Ikichomolewa chaji na kuchomekwa waya wa OTG wa kuunganishia flashi, betri inaonyesha asilimia tatu. Basi faili linatumwa kwa WhatsApp, linafunguliwa kwenye kompyuta ya duka isiyo na aina ile ya herufi, na barua ya ukurasa mmoja inakuwa ya kurasa mbili, ule wa pili ukiwa na "Wako mtiifu" peke yake. Kurasa zote mbili hulipiwa. Mwenye kishikwambi kikubwa anapambana na jambo jingine: programu za ofisi za Microsoft huruhusu kuhariri bila malipo kwenye skrini isiyozidi inchi 10.1. Aliyeongeza pesa ili apate kioo kipana hujikuta anaisoma barua yake vizuri sana, ila hawezi kuigusa.

Kuna mahali kishikwambi kinashinda, na si haki kupanyamazia. Umeme ukikatika jioni, chenyewe kinaendelea. Vingi vina nafasi ya laini ya simu, hivyo havihitaji kuomba intaneti kwa jirani. Kwa waongozaji wa utalii wa Moshi, tangu Agosti 2022, intaneti ya kasi ilipofikishwa kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, orodha ya wageni inaweza kutumwa kutoka huko mlimani kwa chombo kinachoingia kwenye mfuko wa mbele wa begi. Kava huachwa hotelini, na hapo ndipo kishikwambi huwa chepesi kweli.

Kwa hiyo msomaji anayesoma zaidi ya anavyoandika, anayejaza fomu na kuangalia mpira, anunue kishikwambi bila wasiwasi. Mwenye ripoti, muhtasari wa kikao au tasnifu ya chuo atafute laptopu, hata ya mtumba. Na anayeng'ang'ania kava la kibodi asilipe kabla hajakaa kwenye benchi la duka, akaliweka mapajani na kuandika sentensi mbili zenye Z na Y mbele ya muuzaji.