Sebule ya Pamba

Mwaka 2019 nyumba yetu ya Kasoli, mkoani Simiyu, haikuwa na sebule. Ilikuwa na pamba.

Mwezi Mei bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, nasi tukachuma kwa kasi, kila mtu akiwa ameshazitumia hela kichwani. Mara bei ya soko la dunia ikaporomoka, wanunuzi wakaanza kukuna vichwa, na pamba ambayo huwa inapita tu kwetu ikielekea mizani ikahamia kabisa, kama mgeni aliyekula nauli yake ya kurudi. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili, kwa hiyo hatukuwa peke yetu. Ukibisha hodi kwa jirani, sauti ya kukukaribisha ilitoka nyuma yako, chini ya mwembe. Viti vilikuwa huko. Kabati la vyombo lilikuwa huko. Picha ya harusi ya wazazi wangu ilitundikwa kwenye tawi, na kuku walikuwa wakiitazama kwa heshima.

Sitawadanganya: hayo maisha ya mwembeni yalininogea. Sebuleni kila mtu alikuwa na kiti chake na simu yake. Nje, apitaye njia humwamkia Bibi "mwadila, mayu", na kwetu salamu haikatwi mguu mmoja uko njiani. Apitaye huketi. Akiketi hupewa michembe. Akishaitafuna michembe hana namna ya kuondoka haraka, maana viazi vilivyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke havitafunwi kwa pupa na mtu anayejali meno yake. Hivyo ndivyo tulivyopata habari za kata nzima bila kununua vocha.

Tatizo lilikuwa televisheni. Juni ile Taifa Stars walikuwa Misri kwenye AFCON, mara ya kwanza tangu 1980, na umeme wa sola ulikuwa na waya mfupi usiofika mwembeni. Bamdogo, ambaye hajawahi kushindwa na jambo lisilo na faida, akaipandisha televisheni juu akaifunga kwenye kenchi. Sisi tukapanda juu ya pamba, tukalala kifudifudi, pua zetu zikikaribia bati. Bibi alitoa masharti mawili: hakuna kula humo ndani, maana uchafu ukiingia pamba safi inageuka fifi, na hakuna kurukaruka.

Mechi na Kenya ilianza saa tano usiku. Wanaume wa mji mzima walikuwa wamejipanga juu ya mavuno yetu. Msuva alipofunga mapema, tulijizuia kwa adabu, tukapigana tu makofi ya mgongoni. Olunga akasawazisha. Hatujamaliza kulalamika, Samatta akafunga la pili, na hapo masharti ya Bibi yakasahauliwa. Bamdogo, mtu wa kilo zaidi ya mia, aliruka. Kichwa kikagonga bati, nyumba ikalia kama kengele ya shule, kisha akashuka wima ndani ya pamba mpaka kwapani. Kumbe kule chini kulikuwa na kuku wa Bibi anayeatamia. Kuku akalipuka kutoka pembeni, akatua juu ya televisheni, na mkia wake ukaziba goli la Kenya. Tulimtoa Bamdogo kwa kumvuta mikono, akatoka bila kandambili ya mguu wa kushoto.

Bibi alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na tochi.

"Hao Wakenya wanalima pamba?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Basi waacheni washinde. Labda wakifurahi watanunua hii."

Wakashinda, 3-2. Kununua hawakununua. Asubuhi yake mashabiki wote walitambulika njiani kwa mvi, vijana kwa wazee, na mtoto wa jirani akampisha kaka yangu kisimani akidhani ni mzee.

Wanunuzi walipokuja mwishowe, tulifunga magunia, tukapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi kwenye mizani. Karani alikuwa kijana makini, wa kuingiza mkono hadi chini ya kila gunia, kwa sababu wapo wanaomwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili iongeze uzito. Kwenye gunia letu mkono wake ukasimama. Akautoa polepole.

"Mayu, hiki nini?"

"Hujawahi kuona yai?"

"Nimeona. Linafanya nini kwenye pamba?"

"Unaogopa linaongeza uzito? Lipime."

Kijana wa watu akaliweka kwenye mizani. Mshale haukutikisika hata kidogo. Foleni nzima ikaangua kicheko, Bibi akalichukua yai lake akalifunga kwenye upindo wa kanga. Lakini karani sasa alikuwa ameingiwa na wasiwasi, akaamuru gunia limwagwe kwenye turubai. Likatoka yai jingine. Ikatoka rimoti, ambayo mama yangu alikuwa ameshamshuku nayo kila mgeni aliyewahi kuketi mwembeni. Karani akajifuta jasho, akamtazama Bamdogo aliyekuwa amechuchumaa pembeni ya turubai, shingo ndefu, akifuatilia kila mkono unaoingia.

"Mzee, kuna kitu kingine humu?"

"Endelea, mwanangu," Bamdogo akasema. "Ya mguu wa kushoto. Ya bluu."