Yah: Ombi la Kuurekebisha Mto Kilombero Ulingane na Bendera

Kwa ofisi yoyote ya Serikali inayotunza maana za rangi za Bendera ya Taifa,

Ndugu Mtunza Maana,

Naandika kutoka Ifakara kuripoti ukiukaji wa taratibu unaofanywa na Bonde la Kilombero. Shuleni tunafundishwa kwamba kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, nyeusi ni watu, na bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Watu tupo, na kijani cha milima ya Udzungwa hakina kesi. Lakini masika yakikolea, Mto Kilombero hupita hapa na rangi ya chai ya maziwa, ukajitandaza bondeni bila haya, ilhali ndio unaoupa Mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yake. Ng'ambo, huko Mahenge, madini nayo yamekaidi: kinywe ni cheusi, na spineli zinazogombewa na masonara wa dunia ni za waridi na nyekundu. Kwa hiyo kwetu madini yamevaa rangi ya watu, na maji yamevaa rangi ya udongo. Udongo wenyewe, kwa bahati mbaya, umeshapangiwa kijani.

Mtanijibu kwamba bendera ni ya taifa zima, haikushonwa kwa vipimo vya Ifakara. Nakubali. Ila hata taifa zima halikuanza na maana ndipo likatafuta rangi. Chama cha TANU kilikuwa na kijani na nyeusi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilizichukua hizohizo, ikazitenganisha kwa mistari myembamba ya njano. Chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kilikuwa na bluu, nyeusi na kijani, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 rangi hizo zikapepea huko kama bendera ya nchi. Muungano ulipofungwa Aprili, pande mbili zilihitaji kitambaa kimoja. Mstari ukalazwa mshazari, bluu ikapewa kona yake, na tarehe 30 Juni tukawa na bendera tuliyo nayo. Sasa tazama: maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa yote yalikuwapo mwaka 1961, na hakuna aliyeyakumbuka kwa rangi. Bluu ilivuka bahari pamoja na Wazanzibari. Maji yaliitwa baadaye kuja kuitolea ushahidi. Uganda nako rangi zilifuata vyama: kabla ya uchaguzi wa Aprili 1962 mchoro uliokuwa mezani ulikuwa wa kijani na bluu. Chama cha DP kikashindwa, kile cha UPC kikaja na nyeusi, njano na nyekundu. Njano yao ni jua, si madini, na sidhani kama jua hilo lilichomoza kwa mara ya kwanza baada ya kura kuhesabiwa.

Najua hoja yenu nzito zaidi: mtoto wa shule anahitaji maana moja, na kila bonde likijitungia yake mtihani utasahihishwaje? Hoja ina uzito. Lakini maana iliyopachikwa baada ya rangi haiharibiki ikipachikiwa nyingine pembeni. Kinachoshangaza ni watu wazima kubishana kama mstari ule ni njano au dhahabu, utadhani ulipimwa kwenye mizani ya sonara.

Hivyo naomba moja kati ya mawili. Ama mto upewe onyo la maandishi na kinywe kipakwe rangi, ama sisi wa bondeni turuhusiwe kuusoma ule mstari wa njano kuwa ni mpunga uliokomaa. Jibu lije kabla ya mavuno, maana kufikia Juni mashamba yote kuanzia hapa hadi Mlimba yatakuwa yamegeuka dhahabu, na hakuna hata moja lenye leseni ya madini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ifakara