Sifa za Si

Neno *si* lina herufi mbili tu, na kwa mtaji huo mdogo limewatesa wanafunzi wa lugha za Ulaya kuliko maneno mengi yenye silabi tano. Uhodari wa namna hiyo unastahili heshima.

Ukoo wake ni wa Kilatini, tena una mababu wawili. Wa kwanza ni *si*, maana yake "ikiwa". Wa pili ni *sic*, yaani "hivyo", ambaye aliidondosha konsonanti yake njiani. Tangu hapo wajukuu wa pande zote mbili wamefanana sura. Kwa Waitaliano mjukuu wa *sic* ni "ndiyo", na cheo chake si haba: mwanzoni mwa karne ya 14 Dante alizipanga lugha tatu jirani kwa neno la kukubali, zile za *oc*, za *oïl* na za *si*.

Wahispania huwalaza binamu hao kitanda kimoja na kuwatenganisha kwa kialama juu ya i: *sí* ni "ndiyo", *si* ni "ikiwa". Bwana harusi akikisahau anapoandika jibu lake, kiapo kinageuka sharti.

Wafaransa ndio walionufaika zaidi. Kwao *si* ni "ikiwa", pia ni "mno", na juu ya hayo ni "ndiyo" ya pekee, inayojibu swali la kukanusha. Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kuwaonea wivu. Mtu akiulizwa "Hujala?" akajibu "Ndiyo", mwenyeji anampakulia, mgeni aliyejifunza Kiswahili juzi anaondoa sahani. Mfaransa akijibu *si*, amekula, na mjadala umekwisha.

Kwingineko hushika kibarua chochote. Kwa Kislovenia ni "wewe ni". Kwa Kialbania ni "vipi". Kwa Kinorwe ni "kusema". Waromania huliandika kwa kimkia chini ya s, hulitamka "shi", na maana yake ni "na". Wareno waliamua kukubali kwa *sim*, wakaliachia *si* kazi ya "nafsi yake", labda kwa huruma.

Hata muziki haukusalimika. Majina sita ya sauti yaliyoenezwa na Guido d'Arezzo katika karne ya 11 yaliishia *la*. Ya saba, *si*, ilikuja baadaye sana, kwa herufi za mwanzo za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini. Katika karne ya 19 Waingereza waliibadilisha kuwa *ti*, ili kila sauti iwe na herufi yake ya mwanzo, na hiyo ndiyo *ti* wanayoimba wanakwaya wa Afrika Mashariki waliofundishwa kwa noti za mfumo huo.

Kiswahili, kisicho na undugu wowote na Kilatini, kina *si* yake inayokana. "Yeye si mwalimu" kwa sikio la Mwitaliano ni kama kumthibitisha kazini mtu asiye na cheti. Lakini hata huku neno halikutulia. Mama anayesema "Si nilikuambia?" hakani kitu: alisema, tena mara tatu.