Robo Yetu ya Ndege

Kanisani kwetu tunaitwa "wale wenye ndege". Ukifika wakati wa mchango wa paa, mfawidhi huyataja majina mengine mbiombio, akifika kwetu anapunguza mwendo, anatabasamu, na benchi zima linageuka kuutazama mkoba wangu. Shangazi mmoja wa upande wa mume wangu alishaniuliza, tena mbele ya watu, kwa nini binti yake ahangaike na matatu kwenda chuoni ilhali ukoo una chombo angani.

Naomba tuelewane. Sisi hatuna ndege. Mume wangu ana robo ya ndege. Robo tatu zilizobaki ni za wenzake, wanaume wazima waliounda chama, wakafungua akaunti, wakajipa na kaulimbiu. Ndege yenyewe ni Cessna 172 ya viti vinne, ya miaka ya sabini, umri wa mtu mwenye wajukuu. Zimeundwa zaidi ya 44,000 za aina hiyo tangu 1956, lakini kiwanda kiliacha kuziunda mwaka wa 1986 na kikakaa takriban miaka 10 bila kutoa hata moja, ndiyo maana nyingi unazoziona zimeegeshwa pale uwanja wa ndege wa Wilson ni za rika la wazazi wetu. Robo yetu iligharimu chini ya Prado iliyotumika. Jirani yetu ana Prado. Hakuna anayemwita mgeni wa heshima kwenye harambee.

Na bei ile ya kununua ilikuwa kishika uchumba tu. Mahari tunalipa mpaka leo, na ninajua kiasi chake kwa sababu mweka hazina ni mimi. Wanaume wale hawakuaminiana, lakini wote waliniamini mimi, heshima ambayo hadi sasa sijapata namna ya kuirudisha.

Watu hudhani ndege inakula pesa ikiwa hewani. Ikae chini uone! Kuna nafasi ya kuegesha, inayolipiwa iwe imeruka au haijaruka. Kuna bima. Kuna cheti cha kuthibitisha kwamba inafaa kuruka, kinachotaka ukaguzi kila mwaka, na ukaguzi si kama ule wa kupiga tairi teke. Mafundi wanang'oa viti, wanafungua sakafu, wanachungulia ndani ya mabawa kwa tochi, na baada ya siku mbili simu inalia: "Madam, kuna kitu tumekiona." Katika maisha yangu yote ya ndoa sijawahi kuogopa sentensi kama hiyo.

Gari likiharibika unajua pa kwenda. Unateremka Grogan, unamwita kijana, anakuletea kipuri kutoka dukani kwa mwenzake na mnaelewana bei. Ndege haina Grogan. Kila kipuri lazima kije na karatasi zake za kuonyesha kilikotoka na nani alikikagua. Nimewahi kupokea bolti moja, ndogo kama kidole cha mtoto, yenye nyaraka nyingi kuliko shamba la baba mkwe. Plagi nazo ni 8, kwa sababu injini ina silinda 4 na kila moja inataka mbili, na bei ya plagi moja ingelipia seti nzima ya gari letu la nyumbani. Yote hayo ni kwa dola. Asubuhi watu wengine hufungua simu kusoma habari. Mimi hufungua kutazama shilingi imeamkaje.

Basi mwaka mmoja nikatoa hoja kwenye mkutano wa chama, hoja ya mtu mwenye akili timamu: kama mambo ni magumu, tuiache ndege ipumzike miezi sita. Walinitazama kana kwamba nimesema tuwaache watoto wasile. Kumbe injini ile ikikaa bila kuwashwa inashika kutu ndani, mafuta yanachuruzika chini na vyuma vinabaki vikavu vikinyonya unyevu. Mtengenezaji anashauri ifumuliwe na kusukwa upya baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo ukiiendesha unazimaliza saa, na usipoiendesha miaka inakwisha yenyewe, huku shomoro wakijenga viota ndani ya boneti. Viota hivyo si utani. Rubani hutoa majani kwa mkono kabla ya kuwasha.

Ndiyo maana Jumapili nyingi mume wangu na mwenzake huruka kwenda Nanyuki kunywa chai. Hawana shughuli Nanyuki. Wanatua, wanalipa ada ya kutua, wanaagiza chai na sambusa, wanautazama Mlima Kenya kama haujafunikwa, wanarudi kabla ya mawingu ya alasiri. Lita 60 hivi za mafuta kwenda na kurudi. Kwenye daftari langu safari hiyo naiandika "matengenezo ya injini".

Mafuta yenyewe ni kisa kingine. Ndege kubwa zinakunywa jamaa ya mafuta ya taa, yanayopatikana kila kiwanja cha maana. Hii yetu inataka petroli maalumu ya rangi ya buluu, ambayo bado ina madini ya risasi. Dunia ilifurahi mwaka wa 2021 Algeria ilipoacha kuuza petroli ya magari yenye risasi, nchi ya mwisho kabisa, ikasemwa sumu hiyo imekwisha barabarani. Barabarani, ndiyo. Petroli hiyo ya buluu huja kutoka ng'ambo, ni ghali kuipita ya gari kwa mbali, na kuna nyakati haipo. Huwezi kusafiri kwenda mahali kwa sababu unapapenda. Kwanza unapiga simu kuuliza kama wana pipa.

Lakini kilichonizeesha ni mizani. Cessna ile hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 1,043. Yenyewe tupu ina kama 650. Jaza tangi, ongeza zaidi ya 100. Zilizobaki, kilo 280 au pungufu, ndizo za watu wanne na mizigo yao, yaani kilo 70 kila mtu, bila hata mkoba. Mume wangu kilo 70 aliziacha chuo kikuu. Na Nairobi haisaidii. Wilson uko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na injini ya aina hiyo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Zile nguvu farasi 150 tulizouziwa, hapa kwetu zinabaki kama 125, na jua la saa saba mchana likiwaka zinapungua tena.

Sasa mama mkwe akasema anataka kwenda Ukunda kumwona dada yake, kwa ndege ya mwanawe. Mimi, mume wangu, shemeji yangu na yeye. Hesabu ikataka uzito wa kila abiria. Nani atamuuliza mama mkwe kilo zake? Mume wangu akasema hayo ni mambo ya wanawake. Shemeji akakumbuka ana simu ya kupiga. Nikapiga magoti ya moyoni, nikaanza mbali, nikasifu afya yake, nikamuuliza kama kliniki ya pressure walimpima na kitu kingine chochote. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, unataka kujua uzito wangu?"

"Si mimi, mama. Ni ndege."

"Iandikie hamsini."

Hamsini alikuwa nazo siku ya harusi yake, nimeiona picha. Asubuhi ya safari akafika Wilson na gunia la viazi, kwa kuwa mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu. Mume wangu alilitazama gunia, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mdogo wake. Shemeji akapanda treni na viazi.

Sisi tulikuwa tumeamka saa kumi na moja ili tuondoke hewa ikiwa baridi. Ilikuwa Julai. Wenyeji wa Nairobi wanaijua Julai: wingu limelala juu ya mabati mpaka saa nne, na rubani anayeruka kwa kutazama kwa macho hawezi kupita humo. Tukakaa, tukatazamana na makorongo wa taka. Saa tano wingu likapanda, tukaondoka kwenye joto lile lile tuliloamka mapema kulikwepa. Tulipokuwa juu ya Tsavo, mama mkwe akauliza choo kiko wapi.

Tulimtangulia shemeji kwa saa chache, hilo silikatai. Kwa pesa za mafuta ya kwenda peke yake angeweza kupanda treni ile zaidi ya mara kumi, na alikuwa na choo.

Juzi fundi ametuambia habari za propela. Kokoto za viwanja vya mashambani zimeitafuna, naye amezisugua kasoro hizo kwa tupa mpaka sasa haisuguliki tena. Inatakiwa mpya. Taarifa hiyo ilimkuta mwanachama mmoja, aliyepata mapacha mwaka jana, akitafuta wa kumuuzia robo yake, na ikamtia haraka. Wanunuzi wanakuja, sikatai. Wanaketi kwenye kiti cha rubani, wanashika usukani, wanapigwa picha. Kisha wanaomba kuona hesabu, nawaonyesha hesabu, na hawapokei simu tena.

Wiki iliyopita amekuja daktari wa meno, kijana, macho yanang'aa, amevaa miwani ya rubani ndani ya nyumba. Nilipoinuka kufuata daftari, mume wangu akanikatiza kwa upole, akaniomba nikachemshe chai kwanza. Nikaenda jikoni na daftari kwapani, nikaiweka sufuria kwenye moto mdogo kabisa. Mchango wa propela unaanza mwezi ujao, na kugawanya kwa nne ni nafuu kuliko kwa tatu.