Mzee Akitikisa Kichwa

Land Cruiser FJ40 ni mzee wa heshima. Toyota waliiunda kuanzia 1960 hadi 1984, na ilipofika Oman ilikuta nchi ya mawe: mwaka 1970 lami ya nchi nzima ilikuwa kama kilomita 10 tu. Kwa hiyo mzee huyu akianza kukutikisia usukani kwenye Barabara ya Sultan Qaboos, ana jambo la kusema. Msikilize kabla hujakimbilia Wadi Kabir kununua spea.

Anza na ndoo ya maji: osha rimu kwa ndani. Ukivuka bonde la wadi baada ya mvua, tope hujishindilia humo, likikauka linakuwa jiwe na balansi ya gurudumu imekwenda. Nimeshuhudia tairodi zikifunguliwa zote kwa kosa la tope la kujaa kiganja. Pima na upepo. Ule ulioupunguza kwa mchanga wa Bidiya, uliurudisha? Kisha soma tarakimu 4 za tarehe ubavuni mwa tairi: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Gari la kale hutembea kidogo, basi tairi halioti kipara, lakini jua la Maskati limeshaukausha mpira wake.

Bado anatetemeka? Muulize lini. Akitetemeka kwenye mwendo fulani tu, tuseme kilomita 80 kwa saa, kisha akatulia ukizidisha, rudi kwenye balansi. Akitetemeka ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Amerat, tazama breki. Lakini akiruka tuta dogo halafu magurudumu yakapepesuka kushoto na kulia mpaka usimame, hapo viungo vimelegea, na safari iishie hapo.

Sasa mwite kijana wako, mapema baada ya sala ya Alfajiri, maana mwezi wa Julai chuma cha chini ya gari kinaunguza. Zima injini, tairi ziwe chini. Yeye akae kwenye usukani auchezeshe kidogo kidogo, kushoto, kulia. Wewe lala kwenye boksi, ukishike kila kiungo cha tairodi kimoja kimoja, vidole viwili kwenye fimbo, viwili kwenye mkono wake. Kiungo kizima, vyote huondoka pamoja. Kilichokwisha, kimoja hutangulia, kingine kikafuata nyuma, na utahisi "tk" kwenye ncha za vidole kabla jicho halijaona kitu. Mpira wake ukiwa umepasuka, vumbi limeshaingia kwenye grisi, badilisha.

Kisha piga jeki, weka stendi, ushike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, kijana akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, juu na chini ya lile bonge la duara linalovuja grisi. Hii ndiyo kazi kubwa, nayo inataka fundi anayehesabu zile washa nyembamba moja moja na kupima uzito wa kugeuka.

Mtu atakushauri ufunge shokapu mpya ya usukani, na kweli gari litatulia. Usikubali kuanzia hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kiungo kinachokatika kwenye mteremko hakikupi nafasi ya pili. Wala usiikaze skrubu ya steringi boksi kuficha mchezo wa tairodi. Usukani utakuwa mzito katikati, na ugonjwa uko pale pale.

Kila nati ya tairodi uliyofungua ifungwe kwa spilipini mpya. Nenda alaimenti. Baada ya wiki, rudi chini ya gari ukague tena na kijana yule yule, ila safari hii wewe ukae kwenye usukani, yeye alale kwenye boksi.